Kufanana kwa maneno si kufanana kwa maana

Wengi wanaojua Kiingereza hudhani Kihispania ni mteremko: chukua neno, libandike "o" au "a" mwishoni, basi. Kuna ukweli kidogo, maana "hospital" na "animal" huandikwa vilevile katika lugha zote mbili. Asili yao ni Kilatini. Lakini mwanafunzi aliyeona aibu, akakumbuka "embarrassed" na kusema "estoy embarazada", ametangaza kwamba ana mimba. (Akiwa mwanamume, kicheko hakikosi.) "Éxito" nalo, linalofanana na "exit", ni mafanikio; mlango wa kutokea huandikwa "salida". "Carpeta" ni jalada, si zulia. Hata "know" halina kisawe kimoja: kujua jambo ni "saber", kumfahamu mtu ni "conocer".