Kuku Anayeonekana Mzima: Jinsi Virusi vya Homa ya Ndege Vinavyoingia Bandani na Kusambaa

Mfugaji anapotupigia simu sisi maafisa wa mifugo kueleza kwamba kuku wake wanakufa, swali letu la kwanza huwa si idadi ya waliokufa, bali idadi ya waliouzwa wiki hiyo. Wengi hushangazwa na swali hilo, na wengine hudhani tunawatafutia makosa. Sivyo. Mtu aliyeamka akakuta kuku wawili wamekufa, huku akikumbuka jinsi kideri (ugonjwa wa Newcastle) kilivyomwachia banda tupu mwaka uliotangulia, huwaita wachuuzi asubuhi hiyo hiyo ili aokoe kinachoweza kuokolewa. Tunaielewa hofu hiyo, kwa maana huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Busia, kuku ndiye anayeuzwa mtoto anaporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Lakini katika homa ya ndege, kuku wa kuogopwa zaidi si yule aliyejikunyata pembeni akikoroma. Ni mwenzake anayekula na kuchakura kama kawaida, ambaye ameshaingiwa na virusi na bado hajaonyesha dalili yoyote.

Ugonjwa huu husababishwa na virusi vya influenza aina ya A, vidogo kiasi kwamba elfu kumi vikipangwa mstari mmoja hufikia takriban milimita moja tu. Kila kirusi kimevikwa utando wa mafuta, na juu ya utando huo zimechomoza protini za namna mbili: hemaglutinini, inayofupishwa kwa herufi H, na neuraminidasi, inayofupishwa kwa herufi N. Kwa ndege, zinazojulikana sana ni aina 16 za H na aina 9 za N, na majina kama H5N1 au H5N8 yametokana na hesabu hiyo.

Kuku anapovuta vumbi lenye virusi, au anapodonoa chakula na kunywa maji yaliyochafuliwa kwa kinyesi, protini ya H hunasa kwenye sukari iliyo juu ya seli za koromeo na utumbo. Seli hukimeza kirusi ndani ya kifuko kidogo bila kujua imekaribisha nini. Asidi inapoongezeka ndani ya kifuko hicho, H hubadilika umbo na kuuunganisha utando wa kirusi na ule wa kifuko, kisha vipande vinane vya chembeurithi vya kirusi huachiliwa na kuelekea kwenye kiini cha seli. Kuanzia hapo seli huacha shughuli zake na kutengeneza virusi vipya, ambavyo huanza kutoka baada ya saa chache tu, protini ya N ikivikatia ile sukari ili visikwame mlangoni.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mfugaji alielewe, kwa sababu ndilo linalotenganisha mafua ya kawaida ya kuku na maafa. Protini ya H haiwezi kufanya kazi yake mpaka ikatwe mahali maalumu na vimeng'enya (enzaimu) vya kuku mwenyewe. Katika virusi visivyo vikali, vimeng'enya vinavyoweza kukata mahali hapo hupatikana zaidi katika njia ya hewa na utumbo, kwa hiyo maambukizi huishia huko: mayai hupungua, kuku hupiga chafya, na pengine mfugaji hatambui kitu. Lakini baadhi ya virusi vya H5 na H7 hupata mabadiliko mahali hapo pa kukatwa, vikawa vinakatwa na furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli ya mwili. Kirusi cha namna hiyo hakizuiliki tena kooni. Huingia moyoni, kwenye ubongo, kwenye misuli na kwenye mishipa ya damu, na banda zima linaweza kufa ndani ya saa 48. Mabadiliko hayo kwa kawaida hutokea baada ya kirusi kisicho kikali kuingia miongoni mwa kuku au batamzinga na kuzunguka humo, na ndiyo sababu tunaomba hata mafua yanayoonekana madogo yaripotiwe.

Ukimshika kuku aliyefikia hatua ya mwisho, utaona kilemba na ndevu zake zimegeuka rangi ya zambarau, uso umevimba hata jicho limefumba, na chini ya magamba ya miguu kuna madoa mekundu kama aliyechomwa kwa sindano nyingi. Wengine huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na wengine hufa kabla ya dalili yoyote kuonekana. Kideri nacho huweza kuleta karibu haya yote. Hata daktari wa mifugo mzoefu hawezi kuyatofautisha magonjwa haya mawili kwa macho. Kazi hiyo ni ya maabara.

Makao ya asili ya virusi hivi ni ndege wa majini, hasa mabata, shakwe na jamaa zao, ambao mara nyingi huvibeba utumboni bila kuugua na kuvitoa pamoja na kinyesi majini. Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Septemba au Oktoba, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hutua katika maziwa ya Nakuru, Elementaita na Naivasha, na pia kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria kama Dunga, wakakaa hadi karibu Aprili. Mnamo Januari 2017, kirusi cha H5N8 kiligunduliwa nchini Uganda baada ya buabua, ndege wanaofanana na shakwe, kupatikana wamekufa kando ya Ziwa Victoria, kisha kikaonekana kwa mabata na kuku wa kufugwa. Mwezi huo huo Kenya ilipiga marufuku uingizaji wa kuku kutoka huko. Kuwaua ndege wa mwituni hakusaidii, kwani huwatawanya waliobaki. Wa kuangaliwa ni bata wa nyumbani anayeshinda ziwani au mtoni, kisha jioni akarudi kulala na kuku, maana yeye anaweza kutoa virusi kwa siku kadhaa akiwa mchangamfu.

Kutoka boma hadi boma, hata hivyo, kirusi husafirishwa zaidi na sisi wenyewe. Chukua trei moja ya mayai ya karatasi na uiinamishe kwenye mwanga: katika vishimo vyake utaona vinyesi vilivyokauka na unyoya mmoja au miwili. Trei hiyo hutoka bandani, hupita dukani, kisha hurudi kwenye banda la mtu mwingine, na haiwezi kuoshwa. Tenga lililofungwa nyuma ya bodaboda nalo huchanganya kuku wa maboma kumi kwa siku moja, na wasiouzwa sokoni hurudishwa nyumbani jioni kulala na wenzao. Kama kuna tabia moja ambayo ningeweza kuiondoa leo, ingekuwa hiyo ya kuwarudisha bandani moja kwa moja; kuku huyo akae peke yake wiki mbili.

Baridi hurefusha maisha ya kirusi. H5N1 imeonekana kudumu kwenye kinyesi siku 35 katika nyuzi 4 za selisiasi, na siku sita katika nyuzi 37, kwa hiyo mbolea ya kuku iliyorundikwa Molo kwenye baridi ni ya kuangaliwa zaidi kuliko ya Kisumu kwenye joto. Utando wake wa mafuta ni dhaifu mbele ya sabuni, ila uchafu huukinga: sugua buti kwanza mpaka matope yatoke, ndipo uzikanyagishe kwenye dawa.

Binadamu pia huambukizwa, japo kwa nadra. Mwaka 1997 huko Hong Kong watu 18 waliugua H5N1 na sita wakafa. Nyama iliyoiva kabisa, kufikia nyuzi 70, haina hatari hiyo. Hatari iko katika kumchinja na kumnyonyoa kuku mgonjwa, jambo linalofanyika sana pale anapochinjwa upesi kabla hajafa.

Kuku wakianza kufa kwa ghafla, funga banda, usiuze wala kumpa mgeni kuku, usitupe mizoga mtoni, na umwite afisa wa mifugo wa wadi. Sampuli huchukuliwa kwa pamba ya kijiti kutoka kooni na kwenye tundu la kinyesi, zikahifadhiwa kwenye barafu na kupelekwa maabara, ikiwamo ile kuu ya Kabete. Kuku aliyeanza kuugua leo hutupa jibu bora kuliko mzoga wa siku mbili, kwa hiyo usingoje wafe wote. Unaposubiri tufike, andika tarehe ya kifo cha kwanza, kuku wapya walioingia katika siku 14 zilizotangulia, na nambari za simu za wote walionunua kuku au mayai kwako, ili tuwafikie kabla hawajawauza tena.