Kanoti iliyokwisha kutumika: ikague nchi kavu, moteri ikiwa baridi

Wauzaji wengi wa kanoti (boti ndogo za moteri) hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu, humpokea mnunuzi ufukweni, chombo kikiwa tayari majini na moteri inanguruma. Kabla hujafika, omba mambo mawili: kanoti ipandishwe nchi kavu, na moteri isiwashwe siku hiyo mpaka uwepo. Ukifika, gusa moteri kwa mkono. Ikiwa na joto, kuna mtu amekwisha kuhangaika nayo asubuhi, kwa hiyo hutajua inasumbua kiasi gani kuwaka. Muuzaji akikataa yote mawili, nenda kwa mwingine.

Anzia nyuma, kwenye ukuta unaobeba moteri. Katika kanoti nyingi za faiba, ukuta huo ni tripleksi (mbao za tabaka) iliyofunikwa kwa faiba ndani na nje. Maji hupenya kwenye matundu ya boluti ambayo hayakuzibwa vizuri, mbao zikaoza ndani huku rangi ya nje inang'aa. Inua mguu wa moteri (sehemu inayoingia majini), uukandamize kwa uzito wa mwili wako, na mwenzako atazame ukuta kwa karibu. Ukicheza, au ukiwa na nyufa kwenye pembe, usiamini neno «ni rangi tu». Kisha gonga kote kwa mpini wa bisibisi: palipo pazima hulia kwa ukali, palipooza au pameachana hutoa sauti nzito, butu. Muuzaji akikubali, fungua skurubu moja ya chini. Yakitoka maji ya kahawia au unga laini wa mbao, ukuta wote unapaswa kubadilishwa, na hilo lazima litoke kwenye bei.

Sakafuni, tembea peku. Panapobonyea, mbao za chini zimelowa. Povu la kuelea lililo chini ya sakafu, likinyonya maji, halikauki lenyewe hata kanoti ikianikwa jua. Linabaki pale, chombo kinakuwa kizito, kinakaa chini zaidi na kunywa esansi (petroli) nyingi.

Tumbo la kanoti lina habari zake huku kwetu, kwa sababu sehemu kubwa ya ufuko wa Goma ni mawe makali ya lava. Mikwaruzo ya juu juu si tatizo. Mkwaruzo uliofikia nyuzi za faiba ni mlango wa maji, hasa chini ya mkuku (uti wa chini wa kanoti), pale kanoti inapoburutwa kila jioni. Tafuta pia malengelenge: ukitoboa moja likatoa majimaji yenye harufu kama ya siki, maji yamekwisha kuingia ndani ya faiba. Maji yasiyo ya bahari huleta ugonjwa huo upesi zaidi. Kwa kanoti iliyowahi kufanya kazi baharini, Mombasa au Dar es Salaam, fungua kifuniko cha moteri uangalie nyaya zilizogeuka kijani na boluti zilizoliwa na chumvi.

Sasa moteri. Toa buji (plagi za moto) zote, pima mgandamizo kwa kipimo cha fundi. Namba yenyewe hutegemea aina ya moteri. La muhimu ni silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Legeza skurubu ya chini kwenye mguu, udondoshe oili kidogo ya gia: ikiwa nyeupe kama maziwa, sili inapitisha maji. Chungulia nyuma ya elisi, panga linalosukuma maji. Uzi wa nyavu za sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, ukijizungushia hapo hukata sili, na mwenye kanoti anaweza kukaa miezi bila kujua. Usikubali moteri iwashwe bila maji «kidogo tu»: mpira wa pampu huungua kwa sekunde chache. Moteri ikiwa majini, mchirizi wa maji ya kupoza utoke mapema na kwa nguvu.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalihesabu ni mwinuko. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na moteri ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Ile iliyoandikwa nguvu za farasi 40 hapa ni kama 34. Yenye kabureta iliyopangwa kwa usawa wa bahari hupata esansi nyingi kuliko hewa, buji zikawa nyeusi kwa masizi. Fundi huweka jeti (tundu la kupitisha esansi) ndogo zaidi. Elisi pia huenda ikawa kubwa mno kwa nguvu iliyobaki. Moteri nyingi za mipigo minne zinatakiwa kufika mizunguko 5,000 hadi 6,000 kwa dakika zikikanyagwa mpaka mwisho. Isipofika, elisi yenye hatua (umbali inaopaswa kusogea kwa mzunguko mmoja) pungufu kwa inchi moja huongeza takriban mizunguko 200.

Kwa hiyo majaribio ya majini yafanyike na uzito utakaobeba kweli, si wewe na muuzaji peke yenu. Kata kona pande zote mbili, rudi nyuma, zima, uwashe tena moteri ikiwa moto. Mkirudi, angalia maji chini ya sakafu. Kama esansi hununuliwa kwa kadafi, wauzaji wa barabarani, weka chujio la kutenganisha maji. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko kusafisha kabureta.

Idadi ya abiria isitoke mdomoni mwa muuzaji. Kwa kanoti ya chini ya mita 6 isiyo na kibao kinachotaja uwezo wake, zidisha urefu kwa upana wa sehemu pana zaidi, vyote kwa mita, ugawe kwa 1.4: ya mita 5 kwa 2 hubeba watu 7, ziwa likiwa limetulia. Upepo wa kusini wa kiangazi ukianza, punguza. Oktoba 2024 boti kutoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, ikiwa imejaza kupita uwezo wake. Kila abiria awe na gile (jaketi la kuokolea) yake, watoto wa saizi yao.

Malipo yafuate karatasi. Linganisha namba ya moteri iliyopigwa kwenye bamba lake, na ya tumbo la kanoti, na zile za cheti na za forodha. Jina la muuzaji liwe lile lile la kitambulisho chake. Pita Commissariat lacustre, ofisi ya vyombo vya ziwani, kuuliza kama chombo kimesajiliwa na ukaguzi wake haujapitwa na wakati. Hati ya mauzo iandikwe nakala mbili, itaje kanoti na moteri kila kimoja kwa namba yake, na sehemu ya pesa ibaki mkononi mwako mpaka karatasi zitakapohamishiwa jina lako.