Usingizi Si Akiba ya Kuchota Muda

Kijana anayefanya kazi huku akisoma huchoka kusikia ushauri uleule: punguza kulala, muda utapatikana. Unasikika kama ujasiri, kumbe ni hesabu mbovu.

Wiki ina saa 168. Toa 40 za kazi, 30 za vipindi na kujisomea, na 56 za kulala saa nane kila usiku. Zinabaki 42. Ndiyo, safari, kufua na kupika vitazimega, lakini si zote.

Anayekesha hachumi saa, anazikopa kwa riba. Ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala, kwa hiyo sura ya kitabu uliyojilazimisha kuisoma saa tisa usiku huenda usiikumbuke kwenye mtihani. Mwaka 1997, watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walieleza katika jarida la kisayansi la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kwa umakini uliofifia kama wa mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Nani angejigamba kuingia kazini akiwa hivyo?

Na marafiki je? Wengi hudhani urafiki unadai jioni nzima, basi wakiikosa wanajitenga kabisa. Kusoma meza moja ni urafiki. Simu ya dakika kumi huku unakunja nguo, vilevile. Wiki za mitihani zitakumeza, hilo halikwepeki; waambie mapema, usipotee kimyakimya.