Coconut Hotel ya The Red Krayola: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwaka 1967 vijana watatu wa bendi ya The Red Krayola ya Houston, Texas, Marekani, yaani Mayo Thompson, Steve Cunningham na Frederick Barthelme, walirekodi albamu yao ya pili na kuiita Coconut Hotel. Ilikuja kutoka mwaka 1995. Kanda ikikaa kabatini miaka 28, maneno hayakosi, na mengi yanayosemwa kuhusu hii yanaidhulumu.

Dhana: albamu haikukamilika

Ukitaja albamu ya 1967 iliyofungiwa, wengi hukumbuka Smile ya The Beach Boys, ambayo Brian Wilson aliiacha njiani mwaka huohuo. Basi hudhani na hii ni hivyohivyo: wasanii walichoka, wakagombana, au akili ziliwaruka. Sivyo. Bendi ilimaliza kazi yake na kuikabidhi kwa lebo, yaani kampuni ya kutoa rekodi, International Artists ya palepale Houston. Lebo ikaikataa kwa sababu haikuona soko lake. Kilichokwama ni biashara. Muziki wenyewe ulikuwa tayari.

Dhana: lebo ilikuwa adui wa sanaa

Hapa nawatetea kidogo. International Artists ndiyo iliyotoa albamu za The 13th Floor Elevators, bendi ya roki ya Texas yenye muziki wa ajabuajabu, na mwaka huohuo wa 1967 ilikuwa imetoa The Parable of Arable Land, albamu ya kwanza ya bendi hii. Humo, kati ya wimbo na wimbo, kundi kubwa la marafiki waliojiita The Familiar Ugly linavumisha chochote kilichopo mkononi. Mpaka pikipiki inanguruma. Waliothubutu kupeleka hiyo madukani si waoga. Na baada ya kuikataa Coconut Hotel hawakuifukuza bendi: mwaka 1968 walitoa God Bless the Red Krayola and All Who Sail With It, albamu ya nyimbo fupifupi. Naamini walikosea kuikataa, ila nawaelewa.

Dhana: ni roki ya saikedeliki

Dhana hii ndiyo inayowaumiza wasikilizaji zaidi. Mtu anasoma kwamba The Red Krayola ni bendi ya saikedeliki ya Texas, yaani roki ya kuiga njozi za dawa za kulevya, anategemea gitaa la umeme lenye mwangwi na sauti inayoelea juu ya ngoma, kisha anazima kabla hajafika mbali na kusema ametapeliwa. Coconut Hotel imeachana kabisa na mpango wa gitaa, besi na ngoma. Usitafute kiitikio wala mdundo wa kutikisa kichwa. Majina ya vipande yanakuonyesha walichokuwa wanafuata: Boards, Water Pour, Vocal, Free Guitar. Mbao, maji, koo la mtu, nyuzi za gitaa. Kila kitu kinasikilizwa kama kilivyo.

Halafu kuna vile vinavyoitwa One-Second Pieces, vipande vya sekunde moja moja vya piano, tarumbeta na ala za kugonga. Sauti inalipuka, na kabla sikio halijatambua imetoka wapi, imeshakatika. Kinakuja kingine. Ukisikiliza kwa subira, sikio linabadilika: linaacha kusubiri wimbo na kuanza kuipima kila sauti, uzito wake, namna inavyoanza na namna inavyokufa. Jirani wa muziki huu ni John Cage, mtunzi wa Marekani aliyeichukulia sauti yoyote kuwa muziki, kuliko bendi yoyote ya saikedeliki ya San Francisco ya wakati ule.

Dhana: walikuwa wamelewa, na kupiga hawakujua

Kukatisha sauti kila baada ya sekunde moja, tena na tena, kunataka nidhamu ambayo mlevi hana. Kuhusu kujua kazi, ushahidi upo wazi. Kwenye albamu ya kwanza kuna Hurricane Fighter Plane, wimbo uliosimama imara, Roky Erickson, mwimbaji wa The 13th Floor Elevators, akiwapigia kinanda. Bendi ya Spacemen 3 ya Uingereza iliurudia wimbo wao mwingine wa albamu hiyo, Transparent Radiation, miaka 20 baadaye. Bendi ya Galaxie 500 nayo iliurudia wimbo wao wa Victory Garden wa 1968. Waliotunga hizo walijua vizuri wanachokiacha walipoamua kuacha nyimbo.

Wala haukuwa mchezo wa studio tu. Kiangazi cha 1967, kwenye tamasha la muziki wa asili la Berkeley, California, waliweka barafu jukwaani ikayeyuka tone kwa tone juu ya karatasi ya alumini iliyotegwa maikrofoni. Rekodi za maonyesho yao ya mwaka ule zilitoka 1998 kwa jina Live 1967.

Dhana: albamu hii ilizaa muziki wa kelele na post-punk

Post-punk ni roki ya majaribio iliyofuata punk mwishoni mwa miaka ya 70. Mashabiki hupenda sana kusema hivi, na nia yao ni njema, lakini hesabu inakataa. Albamu ambayo umma haukuisikia hadi 1995 haiwezi kuwa imewafundisha wanamuziki wa 1979. Kilichowafikia hao ni vitu vingine: albamu mbili zilizotoka miaka ya 60, ambazo lebo ya Radar ya Uingereza ilizirudisha sokoni mwishoni mwa miaka ya 70, albamu ya Soldier-Talk ya 1979, waliyoirekodi pamoja na watu wa bendi ya Pere Ubu, na Thompson mwenyewe, aliyekuwa kwenye lebo ya Rough Trade ya London akitayarisha rekodi za bendi ya The Raincoats na wengineo. Ushawishi ulipitia kwa mtu na kwa santuri zilizokuwa madukani. Coconut Hotel haihitaji kupewa watoto isiowazaa ndipo iheshimiwe, ukiisikiliza inajitosheleza.

Kuhusu jina: mwanzoni waliandika Crayola kwa C, wakabadili kwa sababu hilo ni jina la biashara la kampuni ya kalamu za rangi. Coconut Hotel imetolewa na lebo ya Drag City ya Chicago kwa jina la K, kwa hiyo itafute hivyo.