Wimbi, korongo na geti la ufukweni

Nafundisha jiografia hapa Moshi. Kila nikifika mada ya bahari, swali ni lile lile: "Madam, mbona Tanga hakuna mawimbi kama ya Ureno?" Wameyaona kwenye simu, mtu juu ya ubao, mdogo kama sisimizi, nyuma yake ukuta wa maji. Huko ni Nazaré. Oktoba 2020, Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza hapo juu ya wimbi la mita 26.21, na likaingia kwenye rekodi za dunia.

Wengi hudhani upepo wa palepale ndio unaoinua maji. Sivyo. Dhoruba hupiga mbali sana, katikati ya Atlantiki ya Kaskazini, na wimbi husafiri siku kadhaa kabla ya kufika ufukweni.

Darasani natumia gata kuukuu, nimeziba ncha zote mbili kwa udongo wa mfinyanzi. Upande mmoja nasukuma maji kwa kibao, upande wa pili nimemwaga mchanga ukapanda taratibu. Katikati linaelea gunzi la mahindi. Wimbi likipita, gunzi linapanda, linashuka, linabaki karibu palepale, kwa sababu kinachosafiri ni nguvu, si maji. Kisha wimbi linafika kwenye mchanga. Chini linakwama, juu bado lina haraka, basi linasimama wima, linajikunja na kuanguka. Wimbi la mita 1 huvunjika kina kikifika kama mita 1.3.

Nazaré ina kitu cha ziada, nacho ni korongo. Sisi wa kaskazini makorongo tunayajua. Lile limelala chini ya bahari, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200, na mdomo wake uko karibu kabisa na ufukwe. Sehemu ya wimbi iliyo juu ya korongo ina kina cha kutosha, inakimbia. Iliyo pembeni, kwenye maji mafupi, inapungua mwendo. Mbili hizo hupindiana, zikakutana mbele ya ufukwe wa Praia do Norte na kubebana juu.

Kwetu, mawimbi marefu ya bahari ya kusini huikuta Madagaska kwanza. Yanayopenya huishia kwenye matumbawe na visiwa. Mimi nashukuru: mwamba huo ndio unaolinda vijiji vya pwani.

Lakini mtoto wa Moshi akauone wapi? Mwaka jana niliwapeleka Tanga. Tulipofika ufukweni, askari wa hoteli moja alitusimamisha getini: nunueni chakula au rudini. Wanafunzi thelathini na wawili wakaitazama bahari kupitia nondo za geti. Iliniuma, na bado inaniuma. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Lakini mita hizo 60 zina faida gani ikiwa njia ya kuzifikia imezungushiwa ukuta? California, ambako mchezo wa mawimbi umekua sana, Sheria ya Pwani ya 1976 inataka ujenzi usizuie haki ya umma kufika baharini. Nasi tunahitaji njia za namna hiyo, zenye kibao, zilizopimwa.

Tuliingia kupitia diko la wavuvi. Maji yalikuwa yanakupwa. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliitikia shikamoo zao, akanyoosha kidole: "Wanangu, mnaona povu lile? Huo ni mwamba. Pale katikati pasipo povu ni mlango, ndipo tunapopitisha ngalawa." Kina kirefu, wimbi halivunjiki. Somo langu zima la Nazaré, kwa sentensi tatu.

Tuliporudi, wanafunzi walisema gata ni jembamba mno. Wakaleta hori la ng'ombe, wakamwaga mchanga, wakachimba mlango katikati kwa kijiko. Wimbi la kwanza likaanguka kushoto na kulia. Katikati likapita zima hadi mwisho wa hori.