Herufi nne juu ya mbao: Frederick Douglass alivyojifunza kuandika

Kila ninapofundisha historia ya kupinga utumwa nchini Marekani, maisha ya Frederick Douglass siyaanzii jukwaani, bali kwenye karakana ya kuunda meli mjini Baltimore. Alizaliwa mtumwa huko Maryland mwaka 1818, na alipopelekwa Baltimore akiwa bado mtoto, bibi wa nyumba, Sophia Auld, alianza kumfundisha alfabeti, mpaka mumewe Hugh alipomkataza akisema kwamba mtumwa akishajua kusoma hatawaliki tena. Mtoto aliyasikia maneno hayo, akayashika.

Kusoma alifundishwa na watoto maskini wa Kizungu mtaani, ambao aliwalipa kwa mkate. Kuandika alikuokota karakanani. Seremala alipomaliza kuchonga ubao aliutia alama ya mahali pake: L kwa ubavu wa kushoto wa meli (kwa Kiingereza larboard), S kwa ubavu wa kulia (starboard), F kwa omo, yaani mbele (forward), A kwa tezi, yaani nyuma (aft). Frederick alizinakili herufi hizo nne, kisha akawa anawachokoza wavulana waliosoma shule wamshinde kuandika, na kila aliyemshinda alimwachia herufi mpya. Daftari lake lilikuwa uzio wa mbao na ukuta wa matofali. Kalamu yake, kipande cha chaki.

Alitoroka tarehe 3 Septemba 1838, amevaa kibaharia na kubeba hati za baharia mweusi aliyekuwa huru. Kuanzia mwaka 1841 alihutubia kwa ufasaha mkubwa hata wasikilizaji wakaanza kunong'ona kwamba mtu huyu hajawahi kuwa mtumwa. Aliwajibu mwaka 1845 kwa kitabu cha maisha yake kilichowataja mabwana zake kwa majina, naye bado kisheria alikuwa mali yao. Kwangu mimi, hakuna tendo lake la ujasiri linalolipita hilo. Ilimbidi akimbilie Ireland na Uingereza, ambako marafiki walichanga pauni 150 wakamkomboa mwaka 1846. Baadhi ya wapinga utumwa walimlaumu, kwa kuwa kulipa ni kukubali kwamba mtu huuzwa. Mimi siwezi kumlaumu baba aliyetaka kurudi kwa mkewe na watoto bila kuwindwa.

Alirudi mwaka 1847, na Desemba mwaka huo, mjini Rochester, toleo la kwanza la gazeti lake, North Star, likachapwa.