Gredi mbili chumba kimoja: hesabu ya nusu somo haifai

Kila muhula, kwenye mkutano wa wazazi huku kwetu Nyakach, naletewa hesabu ile ile: somo ni dakika 30, mwalimu ana Gredi ya 1 na Gredi ya 2 katika chumba kimoja, basi kila mtoto anaambulia dakika 15. Safari hii nimeisikia kwa mwalimu mwenzangu, mtu aliyeisomea kazi hii, na siwezi kunyamaza tena.

Kwa hesabu hiyo, mtoto hujifunza akiwa anatazamwa na mwalimu tu. Haya, chukueni darasa la gredi moja lenye watoto 60. Kila mmoja anapata nusu dakika. Mbona hapo hakuna anayelalamika?

Kinachoamua ni kazi linayofanya kundi ambalo halina mwalimu kwa wakati huo. Hapa ndipo wengi wetu tunawaangusha watoto. Ubao umepigwa mstari katikati, Gredi ya 1 wanasomeshwa silabi, Gredi ya 2 wananakili sentensi kumi. Wametulia tuli, na mgeni akichungulia dirishani anasifu nidhamu. Lakini kunakili si kujifunza! Mtoto anaweza kuandika "ng'ombe wa babu" herufi kwa herufi asijue kuna ng'ombe pale. Kazi ya kundi linalojitegemea iwe ya aina ambayo tayari wameifanya nami, iwe na jibu wanaloweza kulikagua wenyewe, na anayemaliza mapema awe na pa kuendelea. Ikikosa hayo, ni afadhali watoke nje wakacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, maana huko angalau watahesabu.

Tuseme tunasoma pesa. Tunaanza wote pamoja: gorogoro, lile kopo la kupimia, mezani, vifuniko vya soda ndizo shilingi, mama anauza omena sokoni Katito. Kisha tunaachana. Gredi ya 1 wanahesabu vifuniko na kuvipanga kumi kumi. Gredi ya 2 wananunua vitu viwili na kutafuta chenji. Mwishoni tunarudi pamoja, na wakubwa wanawaeleza wadogo chenji imetoka wapi. Wazazi hudhani hapo mkubwa anarudishwa nyuma. Hebu mweleze mtoto wa miaka sita kwa nini chenji ni shilingi 15, naye akatae kukubali, ndipo utajua kama wewe mwenyewe umeielewa.

Ratiba ni jambo dogo: gredi zote mbili ziwe na somo lile lile kwa wakati mmoja. Maazimio ya kazi, yaani mpango wa muhula, yabaki mawili; andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, liwe moja.

Kwenye kusoma sifuati gredi kabisa. Kuna kundi la silabi, la maneno na la aya, na mtoto hukaa anapoweza. Watu hupenda kunitajia utafiti ulioanza mwaka 2005 katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, wa wanauchumi Duflo, Dupas na Kremer. Katika takriban nusu ya shule hizo, watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa viwango, na hata waliokuwa chini walipanda kuliko wenzao wa shule zilizogawanya bila kujali viwango, kwa kuwa mwalimu aliweza kulenga walipo. Ni kweli, nami naupenda. Ila kila nusu ya darasa ilikuwa na mwalimu wake! Asiutumie mtu kuthibitisha kwamba mwalimu mmoja anatosha.

Maana kuna mahali sitoshi. Muhula wa kwanza, Gredi ya 1 hawawezi kusoma hata maagizo ya kazi, na bado sijapata kazi ya kujitegemea inayowashika zaidi ya dakika chache. Wiki hizo Gredi ya 2 wananikosa, na mzazi akilalamika wakati huo, ana haki.

Kisha kuna yule msichana mwepesi anayemaliza kabla ya wote. Kila mara yeye ndiye anayetumwa kuwasaidia wadogo, kwa sababu ni mpole na hakatai. Kufundisha kunamjenga, lakini kila siku? Muhula huu anasaidia siku mbili kwa wiki. Siku tatu anakaa na kitabu kigumu na maswali yake mwenyewe, na wavulana wawili waliokuwa wakikwepa wamechukua zamu yake. Kama siku tatu zinamtosha, bado sina hakika.